Siku saba za Ibn Jubayr mjini Palermo



Jina la Ibn Battuta linajulikana pwani yetu hata na watoto wa shule, kwa kuwa alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na akaandika aliyoyaona. Ibn Jubayr hakufika kwetu, na kwa hiyo hatajwi sana. Lakini waliozisoma Rihla zote mbili wanajua kwamba ya Ibn Jubayr ilitangulia kwa karibu miaka 150, na kwamba sifa za miji kadhaa ya Sham na Hijazi tunazozisoma kwa Ibn Battuta zilinukuliwa na mwandishi wake, Ibn Juzayy, kutoka kwa huyu aliyetangulia, mahali pengine karibu neno kwa neno.

Sisi tulipitishwa kurasa za Ibn Jubayr tukiwa vijana wa madrasa, kwa ajili ya balagha yake na saj'i yake. Mwalimu wetu alikuwa akishughulika na i'rabu, na habari za Sisilia alizipita haraka. Nilipokirudia kitabu ukubwani ndipo nilipobaini kwamba kurasa zile tulizozikimbiza zina mas'ala ya fiqhi ambayo hayajaisha mpaka leo. Mas'ala yenyewe ni haya: Muislamu anayeishi chini ya mtawala asiyekuwa Muislamu, akapewa amani, adhana yake ikasikika na kadhi wake akahukumu, je, amesalimika?

Jina lake kamili ni Abul-Husayn Muhammad bin Ahmad bin Jubayr al-Kinani. Alizaliwa Valencia, Andalusia, mwaka 540 Hijria (1145 Miladia), akawa katibu wa gavana wa Granada. Imepokewa kwamba gavana yule alimlazimisha kunywa mvinyo vikombe saba, kisha, alipoona jinsi alivyohuzunika, akamjazia vikombe saba vya dinari. Ibn Jubayr akaifanya mali ile kuwa masurufu ya hija, ili iwe kafara ya aliyoyanywa. Akaondoka Granada mwaka 578 H (1183), akapanda merikebu ya Wajenoa kutoka Sabta hadi Iskandaria, akahiji, akazuru Madina, akapita Baghdad, Mosul, Halab na Damascus. Mwaka 580 H (1184) akapanda tena merikebu ya Wajenoa katika bandari ya Akka, iliyokuwa mikononi mwa Wafaranji wakati ule, akielekea kwao.

Bahari haikuwahurumia. Safari ilirefuka, chakula kikapungua, na mwanzoni mwa Ramadhani merikebu ikapanda mwamba katika mlango wa bahari wa Messina, usiku, kukiwa na upepo mkali. Kulipokucha, wenye mashua walikuja kuwaokoa, lakini kwa bei kubwa, na mahujaji mafukara hawakuwa na cha kulipa. Mfalme wa Sisilia, William wa Pili, alikuwa Messina siku hiyo akiangalia ujenzi wa manowari zake. Akatoka kuitazama ajali, akauliza kuhusu Waislamu wale waliokwama, akaamuru zitolewe rubai 100, sarafu za dhahabu za robo dinari, walipiwe wateremke. Msomaji na aikumbuke sadaka hii tunapoendelea. Ibn Jubayr alikuwa anamuombea dua mbaya kila mtawala wa Kifaranji anayemtaja, na sasa uhai wa wenzake umetokana na mkono wa mmoja wao.

Kutoka Messina walisafiri kwa pwani hadi Termini, kisha kwa miguu kuelekea mji mkuu. Waarabu waliuita Balarm, au kwa kifupi al-Madina, na ndio Palermo. Usiku mmoja kabla ya kuingia walilala Qasr Sa'd, mahali pa kale penye msikiti, umbali wa kiasi cha farsakh moja. Hapo walisikia adhana baada ya muda mrefu wa kutoisikia, wakasali faradhi na tarawehe nyuma ya imamu. Ibn Jubayr anautaja usiku ule kwa furaha ambayo hakuionyesha hata mbele ya majumba ya kifalme.

Kabla hatujaingia naye mjini, inafaa tujue ni mji gani huu. Sisilia ilifunguliwa kwa jeshi lililoongozwa na mwanachuoni, tena si mwanachuoni mdogo. Asad bin al-Furat, kadhi wa Qayrawan, alimsomea Imamu Malik mwenyewe, kisha akamsomea Muhammad bin al-Hasan ash-Shaybani, mwanafunzi wa Abu Hanifa. Masuala aliyoyakusanya kwa Ibn al-Qasim, yaani al-Asadiyya, ndiyo asili ambayo Sahnun aliisahihisha ikawa al-Mudawwana. Mzee huyo alivuka bahari na jeshi mwaka 212 H (827), akafa mwaka uliofuata wakati wa kuuzingira mji wa Syracuse. Palermo ilifunguliwa mwaka 216 H (831).

Mwaka 362 H (973) alifika hapo msafiri mwingine, Ibn Hawqal, mfanyabiashara wa Nasibin na mwandishi wa Surat al-Ardh. Alihesabu misikiti zaidi ya 300. Katika msikiti wa wachinjaji alikadiria watu zaidi ya 7,000, kwa kuwa safu zilipita 36 na kila safu ilikaribia watu 200. Lakini wingi huo haukumfurahisha. Aliona misikiti inakaribiana mno, mingine ikitazamana, akauliza sababu, akaambiwa kwamba kila mwenye nafasi anataka msikiti wake asioshirikiana na mtu. Akamtaja mwanachuoni mmoja aliyekuwa na msikiti, na hatua kama 20 tu kutoka hapo mwanawe naye amejenga wa kwake. Waalimu wa watoto nao aliwakuta kiasi cha 300, akawadharau, akadai wameikimbilia kazi ile ili wasamehewe jihadi, na kwamba ulaji wa vitunguu vibichi umewaharibu watu wa mji ule akili. Habari ya vitunguu ni chuki ya mtu aliyekasirika, wala hatuichukui kwake. Habari ya baba na mwana inastahili kutuuma hata sisi, maana ni nani kati yetu asiyeijua misikiti ya namna hiyo?

Chini ya miaka 100 baada ya Ibn Hawqal, maamiri wa Sisilia walikuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe, na mmoja wao akawaita Wanormani wamsaidie dhidi ya mwenzake. Palermo ikatekwa na Wanormani Januari 1072 (464 H). Kisiwa chote kilikuwa mikononi mwao kufikia 1091.

Basi mji alioingia Ibn Jubayr Desemba 1184 ulikuwa na miaka zaidi ya 110 chini ya wafalme wa Kikristo, na yeye aliingia kwa hadhari. Walipelekwa kwanza kwenye kasri, wakahojiwa na ofisa aliyewasemesha Kiarabu kwa upole, akitaka habari za Constantinople. Hawakuwa na habari yoyote. Wakaachiwa, wakashukia katika mojawapo ya funduqi ambazo Waislamu walizoea kushukia, na hapo wakakaa siku 7.

Macho yake yalivutwa mara moja. Aliulinganisha mji na Qurtuba kwa ujenzi wake wa mawe, kwa barabara zake pana na kwa mji wa ndani unaozungukwa na mingine. Majumba ya mfalme na mabustani yake yaliuzunguka mji kama kidani shingoni. Waislamu walikuwa na vitongoji vyao wanavyokaa peke yao, masoko yamejaa wao, na biashara ndiyo kazi yao. Misikiti ni mingi mno, na mingi yake ni vyuo vya waalimu wa Qur'ani. Ama mfalme, kijana wa miaka kama 30, alikuwa anasoma na kuandika Kiarabu. Alama yake ya kutilia saini ilikuwa ni maneno ya kumhimidi Allah. Msimamizi wa jiko lake ni Muislamu, walinzi wake ni kikosi cha watumwa weusi Waislamu chini ya kiongozi wa miongoni mwao, na watumishi wake wa ndani, ijapokuwa wakidhihirisha mengine, wengi wao walificha imani, wakitoka barazani mmoja mmoja wakati wa sala unapoingia.

Haya hayakuanza na William. Joho la babu yake, Roger wa Pili, lililofumwa Palermo na ambalo leo limehifadhiwa Vienna, lina maandishi ya Kikufi ukingoni yenye tarehe ya Hijria, mwaka 528. Huyo Roger ndiye aliyemweka kwake Sharifu al-Idrisi, akamwandikia Nuzhat al-Mushtaq, jiografia iliyokamilika mwaka 548 H (1154). Dari la kanisa lake ndani ya kasri ni muqarnas ya mbao yenye maandishi ya Kiarabu ya dua na baraka.

Siku ya Krismasi Ibn Jubayr alilitembelea kanisa la al-Antaki, yaani lile lililojengwa na George wa Antiokia, waziri wa Roger. Aliandika kuwa hajaona jengo la ajabu kama lile, kwa dhahabu ya kuta zake, marumaru za rangi na vioo vinavyopokea jua. Akajistukia, akamuomba Allah alitukuze jengo lile karibuni kwa adhana. Nje aliwaona wanawake wa Kinasara wamevaa kama Waislamu, wamejitanda na kujifunika nyuso, wamepaka hina na kujifukiza manukato, wanasema Kiarabu fasaha, wanakwenda kanisani.

Mtu akiishia hapa atasema huu ulikuwa mji wa raha, na wapo waandishi wa zama zetu walioishia hapo. Wanausifu ufalme wa Wanormani kama kielelezo cha watu wa dini mbalimbali kuishi pamoja, na mwaka 2015 UNESCO iliyaingiza majengo yale katika orodha ya urithi wa dunia kwa jina la Palermo ya Kiarabu na Kinormani. Majengo yanastahiki. Lakini Ibn Jubayr alikuwa faqihi, na faqihi akiingia mji huuliza habari ya Ijumaa.

Jibu alilolipata ni kwamba Ijumaa haisaliwi, kwa sababu khutba imekatazwa. Adhana inasikika, sala tano zinasaliwa kwa jamaa, kadhi wao yupo na wanampelekea mashauri yao, na katika Idi mbili wanasali na kukhutubu, wakimuombea Khalifa wa Bani Abbas. Ijumaa hakuna. Na ndugu msomaji anajua kwamba kwa Imamu Shafii na kwa Malik idhini ya mtawala si sharti ya kusihi Ijumaa, tofauti na Mahanafi. Lakini khofu ni udhuru, na mwenye udhuru husali Adhuhuri. Basi hawakuwa na dhambi katika hilo. Suala linakuja pengine. Al-Mawardi (aliyefariki 450 H), imamu wa madh'hab yetu, amesema Muislamu akiweza kuidhihirisha dini yake katika nchi ya makafiri, kukaa kwake huko ni bora kuliko kuhama, kwa kutarajia wengine wasilimu. Je, mji wenye adhana bila ya khutba ya Ijumaa, dini yake imedhihiri au haikudhihiri?

Ibn Jubayr mwenyewe alikwisha kata shauri kabla hajafika huko. Alipokuwa akieleza nchi za Wafaranji katika pwani ya Sham, aliandika kwamba Muislamu hana udhuru mbele ya Allah wa kukaa katika nchi ya makafiri ila awe mpita njia, maadamu njia ya kwenda nchi za Waislamu ipo wazi. Ni kauli kali, na baadaye al-Wansharisi wa Fas alisimama juu ya msimamo unaofanana nao mwaka 896 H (1491), alipowawajibishia watu wa Andalusia kuhama.

Lakini huyo huyo al-Wansharisi, katika al-Mi'yar, ametuhifadhia fat'wa ya mtu aliyewajua Wasisilia zaidi. Imamu al-Maziri, aliyefariki al-Mahdiyya mwaka 536 H (1141), nisba yake ni ya Mazara, mji wa Sisilia yenyewe. Aliulizwa: hukumu za kadhi wa Sisilia na ushahidi wa mashahidi wake, zikiletwa huku Afrika, zikubaliwe au zirudishwe, hali ya kuwa kadhi yule amewekwa na kafiri? Akajibu kwa pande mbili. Kwanza uadilifu wa mtu: hatujui kilichomweka huko. Huenda hakuweza kutoka, huenda anatarajia kuwaongoza watu, na asili ni kumdhania Muislamu kheri. Pili uteuzi: watu hawawezi kuishi bila ya mtu wa kuzuia dhulma baina yao, na kuweka kadhi ni wajibu. Pasipo na sultani wazee wa mahali husimama mahali pake, kwa hiyo kuteuliwa na kafiri kwa dharura hakubatilishi hukumu zake. Msomaji wa Mombasa au Lamu hahitaji kuambiwa uzito wa fat'wa hii. Makadhi wa Kenya wametajwa katika ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, na wanateuliwa na Tume ya Huduma za Mahakama.

Mimi naona al-Maziri ndiye mwenye fiqhi pana zaidi katika mas'ala haya. Angeirudisha hati moja ya nikaha iliyotoka Palermo, angewaharamisha watoto wangapi? Lakini al-Maziri aliandika yuko al-Mahdiyya, na aliulizwa juu ya mahakama. Ibn Jubayr, miaka 43 baada ya kifo chake, aliingia majumbani, na yale aliyoyasikia huko fat'wa ya makadhi haikuyafikia.

Aliyasikia zaidi Trapani, bandari ya magharibi alikokwenda kutoka Palermo kungojea merikebu. Huko ilimkuta Idi, Shawwal mosi 580, mwanzoni mwa Januari 1185, akawaona Waislamu wanatoka kwenda uwanja wa sala kwa ngoma na tarumbeta huku Wakristo wakiwaachia, akastaajabu. Kisha watu wakaanza kumsimulia. Alikutana na al-Qaid Abul-Qasim bin Hammud, mkubwa wa Waislamu wa kisiwa, mtu wa nasaba tukufu na mwingi wa sadaka. Alituhumiwa kuandikiana na Muwahhidun wa Maghribi, akatozwa mali nyingi na kunyang'anywa majumba aliyorithi. Bwana huyu alimwambia kwamba natamani mimi na ahali yangu tungeuzwa utumwani, huenda kuuzwa huko kungetutoa hapa tukafika nchi za Waislamu. Akasimuliwa pia habari ya faqihi mmoja, Ibn Zur'a, aliyebanwa na maofisa mpaka akaritadi, akaugeuza msikiti uliokabili nyumba yake kuwa kanisa, akawa anahukumu kwa sheria zote mbili.

Na lililo zito kuliko yote halina ofisa ndani yake. Aliambiwa kwamba mtu akimkasirikia mwanawe au mkewe, au mama akimgombeza bintiye, aliyegombezwa huweza kwenda zake kanisani akabatizwa, na tangu hapo baba hana njia ya kumfikia mtoto wake. Ikawa wazazi wanaishi katika kuwabembeleza watoto wao, wakiogopa kuwakaripia. Hebu zingatieni. Mfalme anasoma Kiarabu, kadhi anakata mirathi, muadhini yuko juu ya mnara, na baba aliyeko chini ya mnara anaogopa kumwambia mwanawe neno.

Amani ile ilisimama juu ya watu wawili watatu waliokuwa kasrini. Ilikwisha tikisika mwaka 1161, zama za baba yake William, fujo zilipozuka Palermo na Waislamu wakauawa. William wa Pili, yule aliyetoa rubai 100, alikufa Novemba 1189 bila ya mtoto, miaka 5 tu baada ya ajali ile, na mara Waislamu wa Palermo wakashambuliwa, wakakimbilia milimani. Wakajitetea huko miaka mingi. Binamu yake, Frederick wa Pili, ambaye naye alikijua Kiarabu na kuandikiana na wanavyuoni, ndiye aliyewang'oa. Tangu miaka ya 1220 aliwahamishia kwa nguvu Lucera, bara ya Italia. Mwaka 1300 Charles wa Pili wa Anjou akauvunja mji huo na watu wake wakauzwa utumwani.

Kilichobaki Palermo ni majina. Kalsa ni al-Khalisa, Cassaro ni al-Qasr, na jumba la Zisa ni al-Aziza. Kanisa kuu lilianza kujengwa upya mwaka 1185, mwaka ule ule Ibn Jubayr alipoondoka, mahali palipokuwa na msikiti wa jamii. Katika ukumbi wake wa kusini imesimama nguzo yenye maandishi ya aya ya 54 ya Surat al-A'raf.

Alipokuwa bado Trapani, mtu mmoja wa heshima alimtuma mwanawe kwa hujaji miongoni mwao, akimuomba ampokee binti yake, msichana aliyekaribia kubaleghe. Akimpenda amuoe mwenyewe. Asipompenda, amuoze amtakaye katika watu wa kwao, muradi amtoe kisiwani. Binti alikuwa hana mama, ana ndugu wawili wanaume na mdogo wake wa kike. Baba alipomshauri, binti alijibu kwamba ukinizuia, dhima yangu iko shingoni mwako. Mahujaji walimhimiza mwenzao akubali. Ibn Jubayr anastaajabu kuwa mtu anaweza kuachana na kitu kilichogandamana na moyo wake namna hiyo, akimkabidhi kwa mgeni, na mtoto naye akaridhika kuwaacha ndugu zake. Jina la binti hakuliandika. Alifika Granada Muharram 581 H, mwezi wa Aprili 1185.